Mama Anayekwaruza Kungumanga

Jioni ile nilitoka kupeleka sketi mbili za shule kwa mteja wa mtaa wa pili. Sikukaa. Niliporudi giza lilikuwa linaingia na taa ya ngazi imeungua, nikapanda kwa kupapasa ukuta.

Harufu ilinipokea kabla sijafungua mlango.

Tamu. Kali. Ya kukwama kooni.

"Chiriku?"

Kimya. Na mtoto huyo hajui kunyamaza. Jina la Chiriku nilimpa mwenyewe. Ni binti wa kaka yangu, nimemlea tangu ana miaka minne. Sasa ana kumi na sita, na hata usingizini anaongea.

Nilimkuta chumbani, ameketi sakafuni, mgongo umebana kitanda. Macho mekundu. Midomo imekauka mpaka imepasuka. Kando yake, kopo letu la kungumanga kutoka jikoni. Tupu.

"Shangazi," alininong'oneza, "usiongee kwa sauti. Atakusikia."

"Nani?"

Akaonyesha kwa kidevu, nyuma ya kabati.

"Yule mama. Anakwaruza."

Nikafungua mdomo nimgombeze...

Kwaru... kwaru... kwaru...

Taratibu. Kama mtu anayekwaruza kungumanga kwenye bati lenye matundu, hana haraka, anajua huna pa kwenda.

Niliwaza panya. Niliwaza bomba la maji. Miguu yangu haikuwaza kitu, ilitaka kukimbia tu. Lakini nikauona mshipa wa mtoto ukiruka shingoni, mbio mbio, kama sindano ya cherehani inayokanyagwa bila huruma. Hasira ikaipita hofu.

Nikaliambia kabati: "Huyu ana kwao. Huna chako hapa!"

Sauti ikakoma.

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Panya hawaelewi maneno.

Nikamkokota Chiriku mpaka ngazini. Fundi viatu wa chumba cha chini alitoka na tochi, akamwona anavyopunga mikono akifukuza kitu hewani.

"Shemeji, huyu kapandwa na pepo. Hospitali hawatamuweza. Mimi namjua mganga mmoja..."

"Kama ni pepo, ana miguu, atatufuata hukohuko hospitali. Shika miguu ya mtoto, twende!"

Akashika.

Daktari alikuwa dada kijana mwenye macho ya usingizi. Alinusa pumzi ya Chiriku, akauliza moja kwa moja, "Umekula nini?"

"Kungumanga," Chiriku alijibu kwa tabu. "Wenzangu wanasema inalewesha. Ni kiungo tu, daktari. Kipo kila jikoni."

"Hata kisu kipo kila jikoni."

Akanieleza nje ya pazia. Chembe ya kuonja kwenye chakula haina neno. Ikizidi ni sumu: moyo unakimbia, akili inaona vitu visivyokuwepo. Hakuna dawa ya kuifuta. Watamwekea maji, watalinda moyo wake, na sisi tusubiri.

Tulisubiri siku mbili.

Asubuhi ya kwanza wakaja wazazi wakilia, na msichana kwenye machela. Nilimjua kwa sare niliyomshonea, ndefu kuliko zote: Twiga, wa darasa moja na Chiriku. Alikuwa ameruka dirishani. Mguu umevunjika sehemu mbili.

"Mtoeni yule mama!" alikuwa akipiga kelele. "Mwambieni aache kukwaruza!"

Daktari alisema naye kala kungumanga, kwamba walishahadithiana, na hofu inaambukiza. Labda. Lakini mimi jioni ile nilikuwa nimekunywa chai ya rangi peke yake, na nilisikia.

Chiriku alipopata nafuu, Mwalimu Mkuu akaja dukani kwangu. Akagusagusa vitambaa, akakohoa.

"Fundi, haya mambo tuyamalize kimyakimya. Shule ina jina. Halafu sare za mwakani bado hatujaamua nani atashona."

"Mpe mwingine, Mwalimu," nilisema. "Jina la shule halijavunjika mguu. Mtoto wa watu ndiye aliyevunjika."

Jumatatu, wanafunzi wakiwa mstarini, nilipita getini bila kualikwa. Nikasimama mbele yao. Mwalimu Mkuu alinivuta mkono, nikauchomoa. Nikawaeleza kila kitu: kopo, moyo wa Chiriku, mguu wa Twiga. "Atakayekwambia ni kiungo tu," nikasema, "mwambie aje kwangu nimpeleke wodini akaone."

Kisha msichana mmoja mdogo wa mstari wa mbele akanyoosha kidole.

"Mama fundi..." Sauti yake ilikuwa kavu. "Huyo mama nyuma yako... anakwaruza nini?"

Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Nilikuwa nimeuona nilipoingia.

Sikugeuka.

"Njoo, mwanangu," nikamwambia. "Njoo usimame na mimi."

Akaja. Mkono wake ulikuwa wa moto kama pasi, na harufu ya pumzi yake niliijua. Nikamkamata, nikatoka naye getini kuelekea hospitali, mwendo wa haraka, nimekaza macho mbele.

Yeye alikuwa akitazama nyuma, njia nzima.