Alama ya Mkasi Iliyofutwa

Kila siku akitoka shule, Spana, binti wa miaka kumi na miwili, alivua sare, akavaa ovaroli ya zamani ya baba yake aliyoikunja mikono mara tatu, akaenda gerejini nyuma ya nyumba. Jina hilo la utani alipewa na wateja, kwa sababu tangu akiwa na miaka saba aliweza kuitambua spana namba kumi na mbili kwa kuitazama tu. Kwanza alifagia. Kisha alipanga spana juu ya gunia, kuanzia ndogo hadi kubwa. Halafu alimsubiri baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, atamke maneno aliyoyapenda kuliko yote: "Haya mwanangu, ingia chini unisikilizie."

Kusikilizia ilikuwa kazi ya watu wawili. Gari lilizimwa, likasimama kwenye matairi yake manne na kuwekewa kabari. Mmoja alikaa kwenye kiti cha dereva, akautingisha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia. Mwingine alilala chini ya gari na kuweka kiganja juu ya kiungo kimoja baada ya kingine. Kiungo kizima hutulia. Kilicholegea hugonga mkononi kama moyo wa kuku aliyeshikwa. Kizima kilichorewa alama ya vema kwa chaki, kibovu kikachorewa mkasi. Hapo gerejini palikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna anayegusa chaki ya mwenzake.

Mwaka ule shangazi yake Spana alikwenda masomoni mbali, akamwacha binti yake kwa kaka yake. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mitatu, mmoja zaidi ya Spana, na alizungumza kidogo sana hata wakamwita Kimya. Ndani ya wiki mbili alikuwa amejua mahali pa kila kitu gerejini. Mama alimsifu kwa kutandika kitanda, majirani wakamsifu kwa utulivu. Dereva mmoja wa lori alimtania Spana kwamba sasa amepata mke mwenza. Watu wakacheka. Spana naye alicheka, lakini moyo ulimwasha kama aliyepakwa pilipili.

Siku ya Jumatano mkunga wa zahanati alileta gari lake la kupandia milima, gari kuukuu ambalo kila mtu alilijua kwa jina la Kikongwe. Alisema Kikongwe ana homa. Akifika mwendo wa sitini na kupiga shimo dogo tu, usukani unatetemeka hadi meno yanagongana, na hautulii mpaka apunguze mwendo karibu asimame. Fundi alimuuliza kama unatetemeka anapofunga breki. Hapana. Je, kwenye lami iliyonyooka? Kidogo tu.

"Ni matairi, baba," Spana akawahi kusema. "Hayajabalansiwa."

Fundi alikubali kuanza na hilo kwa kuwa ndilo rahisi. Matairi yalibalansiwa, uzito wake ukasawazishwa. Ijumaa mchana walilijaribu gari barabarani, wote watatu. Kwenye lami lilikwenda vizuri. Kisha Fundi akalipitisha makusudi kwenye shimo, na usukani ukaanza kuruka mikononi mwake kama kitu kilicho hai.

Walipokuwa wakirudi, Kimya alisema kwa sauti ndogo, akitazama dirishani, "Mjomba, kama yangekuwa matairi peke yake, lingetetemeka bila kusubiri shimo. Labda kuna kitu kimelegea, shimo linakiamsha tu."

Fundi alimtazama kwenye kioo, akatabasamu. "Huyu anafikiri kabla hajafungua mdomo," alisema. "Leo Kimya ndiye atakayeingia chini. Spana, wewe utashika usukani."

Spana alikaa kwenye kiti cha dereva, akatingisha usukani kama alivyoagizwa. Chini ya miguu yake alisikia chaki ikikwaruza chuma. Kila mkwaruzo ulimchoma. Mahali pale palikuwa pake. Alipajua kwa harufu ya grisi na kwa baridi ya sakafu mgongoni.

Kabla hawajamaliza, Fundi aliitwa kwenda kumsaidia dereva ambaye lori lake lilizimika njia panda. Aliwaambia wamalize, atakuja kusoma chaki. Baada ya muda Kimya alitoka chini ya gari, uso umejaa vumbi. Alieleza kwamba amechora mikasi miwili. Mmoja ulikuwa kwenye shokapu ya usukani, lile bomba dogo lenye mafuta linalotuliza mitikisiko, kwa sababu ilikuwa inavuja. Mwingine ulikuwa kwenye fimbo nene ya chuma inayozuia ekseli ya mbele isicheze upande. Bolti yake inagonga, alisema, akaenda kunawa.

Spana alibaki peke yake. Akaingia chini, akajiambia kwamba anakwenda kuangalia tu. Mkasi ulikuwa pale kwenye ncha ya fimbo, mweupe, umechorwa vizuri. Akilini akamwona baba yake mezani usiku akimsimulia mama habari za mkasi ule. Akamwona yule dereva wa lori aliyemtania akicheka. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akafuta. Halafu akachukua kipande cha chaki mfukoni na kuchora alama ya vema. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Fundi alirudi jioni amechoka. Akalala chini ya Kikongwe na tochi, akasoma chaki, akaona mkasi mmoja tu. Alifunga shokapu mpya. Kimya, akimpokeza spana, aliuliza habari za ile fimbo. Fundi alijibu kwamba ameiona, ina vema. Kimya hakuuliza tena, maana alidhani mjomba ameipima upya mwenyewe na kuona ni nzima. Gari likajaribiwa, likapitishwa kwenye shimo lile lile, na usukani ukatulia. Mkunga alipigiwa simu afuate gari lake asubuhi.

Baada ya chakula wasichana wawili waliosha vyombo. Kimya alisugua sufuria moja muda mrefu.

"Kesho ingia wewe chini," alisema mwishowe. "Mkono wangu ni mzito. Niliapa moyoni kwamba fimbo ile inagonga, kumbe ni nzima. Nisije nikamharibia mjomba magari ya watu."

Spana alikausha sahani ambayo tayari ilikuwa kavu. Alikuwa amepewa kile kile alichokitaka, lakini hakikuwa na ladha.

Jumamosi asubuhi mkunga alifika akiwa na haraka. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na mama mwenye mimba ya mapacha ambaye siku zake zilikuwa zimetimia. Alitaka kumfikisha hospitali kabla ya uchungu kuanza, na njia ya kumshusha ilikuwa ule mteremko mrefu wenye kona nyingi. Alimshukuru Fundi, akapanda, akawasha gari.

Spana alikuwa amesimama na ufagio. Kama angesema, gari lingechelewa, na watu wote wangejua. Kama angenyamaza, pengine lisingetokea lolote. Hilo neno pengine ndilo lililomshinda. Alitupa ufagio, akaenda kusimama mbele ya gari.

"Usiondoke, mama mkunga. Fimbo ya ekseli ni mbovu. Kimya aliweka mkasi, mimi nikaufuta."

Fundi alimtazama. Akanyoosha mkono dirishani, akazima injini, akachukua ufunguo. Aliweka kabari, akamwambia Spana apande atingishe usukani, na safari hii aliingia chini mwenyewe pamoja na Kimya. Sauti yake ilisikika kutoka chini, nzito. Inagonga. Walipoitoa bolti, waliona bushi yake ya mpira imepasuka, na bolti imelitafuna tundu lake mpaka likawa na umbo la yai.

Walifanya kazi haraka. Bushi mpya ilipatikana duka la vipuri la jirani, na tundu likawekewa bomba fupi la chuma ili bolti ikae imara. Kisha Fundi akafanya jambo lililowashangaza: aliifungua ile shokapu mpya na kulijaribu gari taratibu bila hiyo, akiongeza mwendo kidogo kidogo. Alisema anataka kuona kama ugonjwa umepona au umefunikwa. Likapita kwenye shimo. Usukani ukabaki kimya. Ndipo alipoirudisha shokapu mahali pake. Mkunga aliondoka saa nne, na saa tisa alasiri akapiga simu kusema mama amefika hospitali salama, na Kikongwe ameteremka mlima bila kutikisika.

Fundi alikuwa ameketi juu ya tairi. Aliwaita wasichana wote wawili.

Spana alikuwa ameshamwomba Kimya radhi, akilia, na Kimya alikuwa amempa kitambaa cha kufutia grisi kwa kuwa hakikuwepo kingine karibu, hata uso wa Spana ulikuwa mweusi nusu nzima. Fundi alijitahidi asicheke.

"Nami nina kosa langu," alisema. "Nilisoma chaki badala ya kuweka mkono, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nimeshamwomba mkunga msamaha. Lakini sikiliza, mwanangu. Jana shokapu mpya ilituliza usukani, sote tukafurahi, na ubovu ulikuwa pale pale. Wivu nao ni hivyo hivyo. Kila mtu huupata, hata mimi nimewahi kumwonea wivu fundi mwenzangu. Ukiuficha kwa kumfuta mwenzako, kwa muda utaona umetulia, lakini kilicholegea kimo ndani yako, kinasubiri shimo la kwanza. Ungekuja ukaniambia, baba, naona umenisahau, ningekuwa nimeweka mkono mahali penyewe."

Spana aliinamisha kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli alikuwa amesahauliwa.

"Hujasahauliwa," Fundi alisema, akamvuta akae karibu naye kwenye tairi. "Nilikosa tu kukwambia kwamba anayetingisha usukani ana kazi kubwa sawa na anayesikiliza. Bila wewe kule juu, Kimya chini angeshika chuma baridi siku nzima asisikie kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa."