Ukuta Uliokaribisha Mchanga

Ndugu zangu, asubuhi ile mji wa Sechura ulikuwa shwari. Jangwa lilikuwa kimya upande mmoja, bahari upande wa pili, na katikati Felícita Periche amekaa kwenye kiwanja chake, michoro miwili ya nyumba mapajani. Mumewe, Isidro, mzamiaji wa kome, alikuwa amemwachia achague.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na ua wa matete yenye mianya, kama nyumba zote za pale. Wa pili ulikuwa na ukuta wa matofali, mrefu kumpita mtu.

"Wifi, chukua wa matete," alisema Eudocia, dada yake Isidro. "Upepo upite uende zake."

"Upepo au macho yako? Nimechoka kuulizwa kila siku nimepika nini!"

"Haya, jifungie. Samaki wako utamla na miba yake."

Ukuta ukajengwa. Tusimlaumu upesi, nani hajawahi kuchoshwa na majirani? Eudocia alibisha hodi, hakufunguliwa, akabisha siku nyingine, kisha akaacha. Lakini upepo wa kusini, ambao kule haujui kupumzika, ulipoupiga ukuta uliishiwa nguvu ukautua mchanga wake uani. Felícita akafagia, akafagia tena.

Kisha ukavuma upepo mkali, Isidro akiwa mbali baharini. Ulipotulia, mlango haukufunguka. Felícita alimbeba bintiye Nieves, akachungulia kwenye kidirisha cha juu, akapigwa na butwaa. Ua haukuwapo. Mchanga ulikuwa umejaa hadi ukingo wa ukuta, laini, unang'aa juani, na nyuma yake kilima kizima kilikuwa kimesogea. Kwa muda alisahau hata kuogopa. Jangwa halikuvunja tofali hata moja. Liliingia taratibu, chembe kwa chembe, kubwa na zuri kupita maneno.

Mara mchanga ukaporomoka kutoka kilimani, ukaziba kidirisha, na Nieves akaanza kukohoa. Vumbi lilikuwa limejaa chumbani, na mtoto akawa anavuta pumzi kwa shida. Felícita akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Eudocia hakumsikia. Alichoona ni kwamba jiko la wifi yake halitoi moshi. Akawaita wanawake wa mtaa, wakaja na sufuria na sahani, wakaupita ukuta kwa kutembea juu ya mchanga.

"Wifi! Uko hai au nianze kulia?"

"Mchukue mtoto, wifi! Mtoto kwanza!"

Wakachimba kwa vyombo hivyo na kwa mikono hadi kidirishani, wakamtoa Nieves, akapumua hewa safi akalia. Felícita alipotolewa, alimkumbatia Eudocia, akaomba radhi mbele ya wote. Nyumba ile ilizikwa. Leo watoto wanateleza juu ya paa lake.

FUNZO

Jangwa halina kisa na mtu, wala halimwogopi mtu. Unapochagua nyumba, fikiria kwanza atakayekuja kukutoa humo. Felícita aliwafungia nje watu walewale waliomrudishia mwanawe, na si kila anayefanya hivyo hupata wa kuja kumchimbua.