Aliyekaa Kiti cha Dirishani

"Wifi, kama uliamua kumwacha kaka, ungetuambia na sisi. Nguo za harusi zimeshashonwa."

Mtafiti aliusoma ujumbe huo akiwa maabara, glavu mikononi, jicho la ng'ombe limepasuliwa kwenye sahani mbele yake. Kumwacha nani? Akampigia dada wa mchumba wake, akapokelewa kwa sauti ya kununa.

— Kaka mwenyewe kasema. Eti kila akikueleza shida yake, unamnyamazia.

— Shida gani?

— Wifi, usinifanye mtoto.

Simu ikakatwa.

Kazi ya mtafiti ilikuwa retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kuupelekea ubongo habari. Mchumba wake alikuwa fundi saa, na alizoea kumtania kwamba anaoa mchinja macho. Siku za karibuni utani ulikauka. Fundi hakupokea kazi mpya, alisema amechoka, na kila alipoombwa aje apimwe macho alikuwa na udhuru. Mtafiti, ambaye watu walimfuata kutoka mbali awaangalie, alizimeza nyudhuru zote bila kutafuna.

Alitoka mbio, hata koti jeupe la kazi hakukumbuka kulivua. Mlango wa karakana ya Fundi ulikuwa wazi nusu. Saa za ukutani zilisema kila moja lake, jambo ambalo Fundi hakuwahi kulivumilia. Akamsikia akiongea taratibu, kama anayebembeleza.

— Leo tena umekuja kukaa tu. Nimekuambia macho yanakwisha. Nimekuambia sitaki uolewe na mzigo. Nikikuuliza utabaki, unaniangalia tu. Basi nimeelewa.

Wivu ulimpanda mtafiti kabla ya hofu. Akausukuma mlango. Fundi alikuwa peke yake, amekielekea kiti cha dirishani, kile anachokalia mtafiti kila akija. Kilikuwa kitupu, jua limekilalia.

— Unaongea na nani?

Fundi akageukia mlango, akarudi kukitazama kiti, akageukia mlango tena.

— Wewe ni nani?

— Ni mimi.

— Hapana. Yeye yuko pale.

Nywele zilimsimama mtafiti. Akamuuliza, kwa sauti aliyojitahidi kuituliza, huyo wa pale yukoje.

— Amevaa koti jeupe. Namwona vizuri, hata kovu la kwenye nyusi. Wewe ndiye huna uso. Una ukungu mtupu.

Jambo hili mtafiti alikuwa akilifundisha darasani. Retina ikifa, ubongo haupendi kukaa bure, basi unachora wenyewe: watu kamili, wenye nguo zao, wasiotoa sauti hata siku moja. Wagonjwa aliowahi kuwatuliza walijua hakuna mtu. Fundi hakujua, maana aliyechorewa ni mchumba wake, na mchumba wake akikasirika hununa kutwa nzima bila neno.

— Nilidhani umenuna, Fundi alisema.

Mtafiti alilia waziwazi. Kisha akakiendea kiti.

— Usimkalie, Fundi akasema haraka.

Mtafiti alijua kwa elimu yake yote kwamba hakuna mtu. Hata hivyo alisita kabla ya kukaa.

— Amekwenda wapi?

— Amesimama nyuma yako.

Hakugeuka. Aliishika mikono ya Fundi, akaibana kwenye mashavu yake yaliyolowa.

— Huyo hatakujibu milele. Mimi nitakujibu, hata nikiwa na hasira zangu. Sasa niulize mimi.

— Utabaki?

— Nitabaki. Na kesho tunakwenda kupima hayo macho, huna udhuru tena.

Vipimo vilionyesha kwamba kilichokwisha hakirudi. Harusi haikuahirishwa. Wifi aliomba radhi mara nyingi mpaka akachekwa.

Siku yenyewe, bwana harusi alipoulizwa kama amemkubali mwenzake, macho yake yalikuwa yametulia pembeni mwa bibi harusi, pale pasipo na mtu. Watu wakaanza kutazamana. Mtafiti akamfinya kiganja.

— Niko huku, akamnong'oneza.

— Najua. Na yeye amevaa shela.

Kisha Fundi akaugeukia ule ukungu uliomsemesha, akasema ndiyo.