Sahani ya Asiyekuwepo

Sahani ya Aimé ilirudi jikoni ikiwa na mate, na Aimé alikuwa Punia.

Mama Françoise aliitazama. Mate yalikuwa mazito, ya manjano, yakivutika kama ute wa bamia. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ile. Chama chao cha mbegu za mpunga kilikuwa na watu watatu ofisini Kindu, na Aimé peke yake mbali kule Punia, msituni. Ripoti zake zilichelewa, naye alilalamika kwamba wamemsahau. Basi kila saa sita mchana Françoise aliweka simu mezani, kando yake sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo, akamwomba Mungu akibariki chakula, kisha akasema, "Karibu, weye usiye hapa." Aimé alikula chake kule, wakazungumza kazi. Ripoti zikaanza kufika kwa wakati.

"Nani amelamba?" aliuliza.

Onema, karani, akacheka. "Pengine Aimé ametuma ulimi kwa simu, Mama."

Kesho yake, simu ikiwa mezani, walisikia mtu akitafuna.

"Aimé, funga kinywa, baba," Sandrine, mwenzao wa tatu ofisini, alimtania. "Unatafuna kama mbuzi."

"Miye sijaanza kula," Aimé alijibu kwa sauti ndogo. "Nilizani ni Onema. Mama, siku nane chakula hakishuke. Nikitia tonge mu kinywa, nakuta mate ya muntu mwingine iko ndani. Ya moto. Natapika. Niko nakauka, Mama. Nitakufa."

Sandrine alitazama sahani, akaziba pua. Wali ulikuwa umetafunwa na kutemwa, una mvi ndani yake, unanuka kidonda kilichofungwa siku nyingi.

Mchana uliofuata aliitwa Mwalimu Bakari, msomaji wa dua. Alinusa meza, akatema dirishani.

"Wakati wa vita, muji ulipofungwa, njaa iliua watu humu?"

"Iliua kila nyumba, Mwalimu. Iliua bwana yangu, Gédéon," Françoise alijibu.

"Jini hili lilishinda njaa pamoja nao. Sasa mumeliwekea sahani isiyo na mwenyewe. Aliyelikaribisha njo yeye atalifukuza. Geuza sahani, useme hukuliita. Na usiondoe mukono mupaka Aimé ashibe."

Simu na sahani vilikuwa mezani, Aimé akisubiri upande wake na tonge mkononi. Bakari akaanza kusoma. Françoise alishika rozari kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili, na kabla vidole havijagusa sahani ikatoka kwenye simu pumzi nzito yenye uvundo wa meno yaliyooza, ikamlowesha shavu, na ndani ya pumzi ile ikaja sauti aliyoizika miaka mingi, ikisema polepole, kama mgonjwa asiyetaka kusumbua, "Françoise, ni miye Gédéon. Tonge moja tu."

Ndivyo alivyoomba siku ile ya mwisho, na hakukuwa na kitu nyumbani. Sasa wali ulikuwa umejaa mbele yake.

"Mama!" Aimé alilia kutoka Punia. "Kinanikaba!"

Françoise akafumba macho. "Sikukuita. Kwa jina la Yesu, sikukuita." Akaigeuza sahani, akaikandamiza.

Kisha Aimé akakohoa. "Kimeshuka! Mama, kimeshuka!"

Akala, akilia. Françoise alimsikiliza hadi tonge la mwisho bila kuondoa mkono, kwa sababu chini ya kiganja chake sahani ilikuwa ikisukumwa juu, taratibu, kwa ulimi.