Chupa Isiyofunikwa

Haya yalimpata mjomba wangu Badu, huko Asamang. Nimeyasikia kwa mama, aliyekuwapo, na siongezi neno.

Ilikuwa Ijumaa ya kawaida, watu wakitwanga fufu ya mihogo uani. Afriyie, binti wa mjomba, alikuwa na homa isiyoshuka. Mjomba alikwenda kwenye mti wa dawa pamoja na bibi, mama yake. Aliweka yai shinani, akataja jina la mgonjwa, kisha akabandua gome. Ndiyo desturi yetu: mti lazima ujue unamtibu nani.

"Sasa ukachemshe kwa maji," bibi alimwambia. "Na chungu usikifunike."

Mjomba alifanya kazi maabara, mjini Kumasi. Akacheka.

"Mama, maji yanaacha nusu ya dawa kwenye gome. Spiriti inaitoa yote."

"Yote?"

"Yote. Mradi nifunike, isije ikapotea kwa mvuke."

"Haya, profesa. Miti ya Kumasi labda haina masikio."

Mjomba alisaga gome, akalitia kwenye chupa kubwa ya kioo, akamimina spiriti, akakaza kifuniko. Kufikia Jumapili ilikuwa nyekundu kama mawese. Na homa ilishuka, hata kabla mtoto hajaonja tone. Mjomba akatamba nyumba nzima.

Ila viganja vya mtoto vilikuwa vimepauka. Kisha midomo. Chupa ilizidi kukolea. Afriyie alizidi kufifia.

Jumatatu adhuhuri, jua likiwaka, alinong'ona.

"Mama, nifungulie."

"Mlango uko wazi, mwanangu," alisema Dufie, mke wa mjomba.

"Nakuona. Mbona umekuwa mwekundu?"

Mtoto alikuwa amelala kaelekea ukutani, macho kayafumba. Kilichomwelekea Dufie ni chupa, pale dirishani.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Badu," alisema polepole. "Jina hutoka na mvuke. Wewe umelifungia ndani."

Mjomba aliiendea chupa. Alishika kifuniko. Kikagoma. Akatumia kitambaa. Akatumia meno. Kitandani, kifua cha mtoto kiliacha kupanda. Dufie alimwekea puani kioo cha kujitazamia. Kilibaki kikavu. Safi.

Ndani ya chupa, juu ya spiriti, palikuwa na ukungu.

Kifuniko kikaachia. Afriyie akakohoa. Pumzi yake ilinuka spiriti.

Alipona. Akaolewa Takoradi, akazaa, akazeeka. Dawa ile ilimwagwa shinani mwa mti. Chupa ikaoshwa, ikakaushwa juani, ikawekwa rafuni bila kifuniko. Hata hivyo kila asubuhi iliingia ukungu kwa ndani. Ulikuja, ukaondoka, ukaja. Sisi watoto tulizoea. Tulisema, "Afriyie anapumua," tukaendelea na uji wetu.

Mwaka jana tulimzika.

Leo asubuhi nimekwenda kuitazama chupa. Ukungu ulikuja. Ukaondoka. Nikasubiri.

Ukaja.