Mtoto Aliyebebwa Mlangoni

Tukio hili nilisimuliwa mwaka 2007 na rafiki yangu Sufian, aliyekuwa akisafisha filamu kuukuu kwa kompyuta mjini Kitale. Kila anapolirudia, mtiririko wake haubadiliki.

Mteja aitwaye Lenah alitoka Bungoma na filamu isiyo na sauti. Ilimwonyesha akiwa mchanga, amebebwa mlangoni na baba yake, aliyefariki kabla binti hajajua kutembea. Uso wa baba ulifunikwa na kivuli, na hakuacha picha nyingine.

"Nataka tu kumwona uso," alisema. "Mama husema ati aliniita Rena. Ulimi wake uligeuza L kuwa R, bana."

"Basi leo Rena atamwona mzee," Sufian akatania.

Aliiagiza programu iondoe uchafu, kisha wakasubiri katika chumba kisicho na dirisha, feni ya kompyuta ikivuma. Picha iliporudi, mlango ulionekana wazi, hata misumari yake. Mtoto alikuwa palepale hewani, shali yake imebonyea mahali pa vidole. Aliyembeba hakuwepo.

"Umemfuta," Lenah akanong'ona.

Sufian alifungua nakala ya awali, ambayo hakuwa ameigusa. Humo pia mtoto alining'inia peke yake.

Ndipo stima ikapotea. Feni ilipunguza mvumo, ikanyamaza. Gizani, katikati ya viti vyao, mtu alivuta pumzi.

"Rena," ikaita sauti ya mwanamume.

Stima iliporudi, Lenah alikuwa ameketi vilevile, hathubutu kugeuka. Sweta yake ilikuwa imebonyea mabegani, mahali pa vidole, na ilikuwa bado haijaachiliwa.