Alama Tano za Chapuchapu

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, binti aliyeitwa Chapuchapu alikuwa na kazi moja: kuitundika simu ya nyumbani kwenye msumari wa dirisha la jikoni. Hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Ukitaka kuzungumza, unatoa kichwa nje, na majirani wanapata habari zako bure.

Mama yake alimpa jina hilo kwa sababu ya haraka zake. Vyombo aliviosha kwa kulipua, na kufagia alifagia katikati tu.

Dada yake mkubwa alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amefanya jaribio la kazi katika kiwanda cha sare, akaahidiwa kupigiwa simu.

"Nikiipata kazi hii, nimeachana na viraka vya suruali za watu," alimwambia. "Mdogo wangu, simu hiyo itunze kama mboni ya jicho."

"Usiwe na wasiwasi, Dada."

Kampuni ya simu nayo ilikuwa na mazoea ya kutuma ujumbe: "Unaionaje huduma yetu? Jibu kwa alama, moja hadi tano, upate zawadi ya intaneti." Chapuchapu hakuwa na muda wa kufikiri. Alibonyeza tano, akapata zawadi, akasimama dirishani kutazama video za kuchekesha. Akawafundisha na wenzake wa mtaani.

"Wape tano tu," aliwaambia. "Nani anampa zawadi mtu anayemsema vibaya?"

Basi mtaa mzima wa watu wanaoongea na simu vichwa vikiwa nje ukawa unamwaga sifa.

Kisha mtandao ukatoweka kabisa, hata pale msumarini. Dada alisubiri mpaka uvumilivu ukamwishia, akafunga safari hadi kiwandani kwa miguu. Aliporudi alikaa mbele ya cherehani bila hata kuvua viatu.

"Walinipigia mara nyingi," alisema. "Sipatikani. Wamemchukua mwingine."

Hakulia. Alivuta suruali iliyochanika magotini, akaanza kushona. Roho ilimuuma Chapuchapu kuliko kama angepigwa.

Kesho yake Mama alimchukua wakaenda duka la kampuni ya simu. Mhudumu alitazama kompyuta yake, akakunja uso.

"Mbona mtaa wenu ndio unaoongoza kwa kuridhika, Mama? Mafundi tunawatuma kwanza kwa wanaolalamika."

"Nani karidhika?" Mama alifoka. "Mimi shingo inaniuma kwa kuongelea dirishani!"

"Namba yenu hii hapa. Imetoa tano kila mara."

Mama aligeuka taratibu. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka zawadi."

"Zawadi?" mhudumu alishangaa. "Zawadi anapata kila anayejibu. Hata ungetupa moja, ungepewa ile ile."

Njia nzima ya kurudi Mama alitembea mbele.

Jioni hiyo Chapuchapu alipita nyumba hadi nyumba, akakiri kosa lake na kuwaomba wenzake wajibu ukweli. Kelele za mtaa zikasikika. Mafundi walikuja, wakapanda mnara wa mtandao, wakautengeneza. Siku hizi simu inashika hata uvunguni mwa kitanda. Simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya mteja aliyeulizia kiraka chake.

Dada aliipokea, akaiweka mezani. Chapuchapu alisogea.

"Nisamehe, Dada."

"Nimekusamehe. Lakini kazi ile hairudi, na sitakudanganya kwamba hainiumi." Alichukua sindano. "Mtu akikuuliza kitu kikoje, anaazima macho yako. Ukimpa uongo, hata uongo mtamu, atapita pale palipoharibika akidhani ni pazima. Na wa kuumia ni watu wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, nitungie uzi kwenye sindano. Polepole."

Chapuchapu aliisogeza sindano kwenye mwanga wa dirisha, chini ya ule msumari mtupu, akatunga uzi bila haraka yoyote.